Dakika za mwisho kabla ya chuma kizito: namna ya kuandaa akili na kutulia

Kila anayenyanyua vyuma kwa muda mrefu hukutana na siku ambapo uzito unaomshinda haukushinda miguu yake wala mgongo wake. Wiki iliyopita alipandisha kilo tano pungufu bila kuhangaika, usingizi alipata, chakula alikula, lakini leo watu wanatazama, moyo unakwenda mbio, viganja vimelowa jasho, na chuma kilekile alichokizoea kinaonekana kama cha mtu mwingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe anajiandaa kwa mashindano ya snachi (kunyakua chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja) na klini na jeki (kukipandisha kwanza mabegani, kisha kukisukuma juu ya kichwa), awe ni wa skwoti (kuchuchumaa na kusimama na chuma mgongoni), benchi presi (kusukuma chuma kutoka kifuani ukiwa umelala) na dedilifti (kukivuta kutoka sakafuni mpaka usimame wima), au awe anataka tu kuvuka rekodi yake mwenyewe Jumamosi asubuhi kwenye jimu ya mtaani.

Hoja yangu ni moja, nami nimeifikia baada ya miaka mingi ya kunyanyua na kuwasimamia wengine: utulivu hautafutwi jukwaani. Anayetulia mbele ya chuma kizito ni yule ambaye hana tena la kuamua, kwa sababu uzito alishauchagua, hatua zake alishazihesabu, neno la kujiambia analijua, na hata la kufanya akikosa amekwisha kulipanga. Hofu hupenyea pale panapobaki maswali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika wiki na siku kabla, na ndiyo maana hatua za mwanzo hapa chini ni ndefu kuliko zile za jukwaani.

Hatua ya kwanza: ujue wahka wako kabla ya kupambana nao

Mwili unapohisi kwamba jambo kubwa linakuja, humimina adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi, pumzi hupanda kifuani, damu hupelekwa kwenye misuli mikubwa, mikono hutetemeka kidogo na tumbo huvurugika. Wengi huzisoma dalili hizi kama habari mbaya, wakati kwa sehemu kubwa ndizo zinazohitajika ili kunyanyua uzito ambao mwili haujawahi kuunyanyua. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia kuwa wamesisimka walifanya vizuri zaidi katika kuimba, kuhutubia na kufanya hesabu kuliko wale waliojilazimisha kutulia. Hakuwapima wanyanyua vyuma, lakini ninachokiona jimu kinaafikiana naye: mtu anayepigana na mapigo ya moyo wake huchoka kabla hajashika chuma, ilhali anayesema "mwili wangu uko tayari" huyatumia mapigo hayohayo.

Hata hivyo msisimko una kipimo, na kipimo hicho hutegemea kazi yenyewe. Robert Yerkes na John Dodson, katika majaribio yao ya mwaka 1908 kwa panya, waliona kwamba kadiri kazi ilivyokuwa ngumu kuitambua, ndivyo kichocheo kidogo kilivyotosha na kikubwa kilivyoharibu. Ukiwa mnyanyua vyuma utalielewa hili mara moja. Dedilifti inavumilia hasira. Unaweza kwenda kwenye chuma ukiwa umewaka na bado ukavuta vizuri. Snachi haivumilii, kwa sababu chuma lazima kitoke sakafuni, kipite karibu na mwili na kipokewe juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, na mkono ukikaza mapema tu, kinapotea mbele au nyuma. Benchi na skwoti ziko katikati. Kwa hiyo usiige kelele za mtu anayevuta dedilifti iwapo wewe unakwenda kunyakua.

Ipo pia hofu ambayo haipaswi kutulizwa. Ikiwa unalala kwenye benchi na hakuna mtu wa kukulinda nyuma, au unaingia chini ya skwoti nzito bila vyuma vya usalama vya kuipokea ikikushinda, au goti limekuwa likichoma tangu juzi, basi woga huo ni akili inayofanya kazi yake. Usikilize, rekebisha jambo, ndipo uendelee.

Hatua ya pili: chagua uzito ukiwa umetulia, siku kadhaa kabla

Makosa mengi ya jukwaani huzaliwa kwenye karatasi ya majaribio. Katika mashindano ya Olimpiki mnyanyuaji ana majaribio matatu ya snachi na matatu ya klini na jeki; katika mashindano ya skwoti, benchi na dedilifti ana matatu kwa kila aina. Jaribio la kwanza lisiwe mahali pa kuonyesha ushujaa. Liwe uzito ambao ungeupandisha hata siku ambayo umelala vibaya, na kipimo changu ni kwamba uwe uliwahi kuunyanyua mara mbili au tatu mfululizo mazoezini, jambo ambalo kwa wengi huangukia karibu na asilimia 90 ya uwezo wao wa juu. Jaribio la pili linakukaribisha kwenye uwezo wako, na la tatu ndilo unalolijia.

Andika mipango miwili. Mmoja ni wa siku njema, mwingine ni wa siku ambayo jaribio la kwanza limekosewa au mwili umekuja mzito, na yote miwili kocha wako aijue. Ukifanya hivyo utaona kwamba sehemu ya wahka inaondoka palepale kwenye meza, kwa sababu swali la "itakuwaje nikikosa?" limepata jibu lenye tarakimu.

Mfano unaonigusa ni wa Hidilyn Diaz wa Ufilipino. London mwaka 2012 alikosa majaribio yake yote matatu ya klini na jeki, na jina lake likabaki bila jumla, yaani snachi bora ikijumlishwa na klini na jeki bora. Hakuacha. Alipata fedha Rio mwaka 2016, kisha janga la korona likamkuta Malaysia, akafanya mazoezi huko huku wakati mmoja akitumia mti wa mwanzi na madumu ya maji badala ya chuma. Tokyo, tarehe 26 Julai 2021, alisimama mbele ya jaribio la mwisho la kilo 127 huku mpinzani wake kutoka China, Liao Qiuyun, akiwa amemaliza na jumla ya kilo 223. Alikipandisha, akafikisha 224, na nchi yake ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Katika timu yake alikuwamo pia mwanasaikolojia wa michezo. Wengi wetu tulianza kwa chuma chenye makopo ya saruji pande mbili, na ninapowasimulia vijana habari za mwanzi na madumu, huniangalia kwa macho tofauti. Lakini ninachotaka walione ni kwamba kati ya London na Tokyo kulikuwa na miaka tisa ya kuizoea dakika ile ya mwisho.

Hatua ya tatu: jenga utaratibu mmoja usiobadilika

Hiki ndicho kiini cha mwongozo mzima, na kama muda wako ni mdogo, fanya hiki tu.

Utaratibu ni mfuatano wa vitendo vidogo unavyovifanya kabla ya kila unyanyuaji, kwa mpangilio uleule, kwa muda uleule. Nitaueleza wa binti mmoja niliyemsimamia katika skwoti. Alikuwa akisimama hatua nne kutoka kwenye chuma, anakaza mkanda, anavuta pumzi na kuitoa polepole mara mbili. Kisha anatembea zile hatua nne bila kuangalia pleti, zile sahani za uzito zilizo pande mbili za chuma. Mkono wa kushoto unashika kwanza, kidole kidogo kikigusa alama iliyochongwa kwenye chuma, halafu wa kulia. Anaingia chini, anakiweka chuma mgongoni, anasogeza mabega mpaka kitulie, anakiinua, anarudi nyuma hatua tatu: kulia, kushoto, kulia ya kurekebisha. Pumzi moja kubwa tumboni, kisha anashuka. Nilipompima kwa saa, ilimchukua sekunde 24. Siku alipobeba kilo 100 kwa mara ya kwanza ilimchukua sekunde 25, na uso wake ulikuwa uleule wa kilo 60.

Ili uwe na wako, anza hivi. Omba mtu akupige video ukinyanyua uzito wa kati, siku ya kawaida, bila kufikiria lolote. Itazame mara kadhaa na uandike ulichokifanya tangu uliposimama kukitazama chuma hadi kilipoondoka. Utakuta tayari una utaratibu wa nusu, wenye vitu visivyo na kazi kama kurekebisha fulana mara tatu au kukitikisa chuma. Ondoa visivyo na kazi, panga vilivyobaki, na usizidi vitendo sita au saba, kwa maana mfuatano mrefu husahaulika pale unapohitajika.

Baada ya hapo, sharti ni kuutumia kila siku na kwa kila uzito, hata chuma kitupu cha kilo 20. Hapa ndipo wengi hulegea. Wanaunyanyua uzito mwepesi huku wakizungumza, kisha wanataka kuwa watu wengine kabisa chuma kinapokuwa kizito, na mwili unapoona mabadiliko hayo huelewa kwamba kuna hatari. Ukiusogelea uzito wa kilo 40 kwa heshima ileile unayoipa kilo 140, siku ya kilo 140 mwili wako utadhani ni Jumanne ya kawaida.

Hatua ya nne: ujenge unyanyuaji akilini

Katika wiki mbili za mwisho, tenga dakika tano kila jioni. Kaa au simama, fumba macho, na uupitie unyanyuaji wako tangu jina lako linapoitwa mpaka unapokiteremsha chuma. Uupitie kwa muda wake halisi, bila kuuharakisha, na kutoka ndani ya mwili wako, siyo kama mtu anayejitazama kwenye televisheni. Sikia chaki ikikauka viganjani, baridi ya chuma, mkanda ukibana mbavu, sauti ya pleti zinapogongana. Ukiweza, vaa viatu vyako vya kunyanyulia na usimame kama unavyosimama jukwaani, kwa sababu akili hushika vizuri zaidi picha inayofanana na mwili.

Ongeza pia ugumu. Katika skwoti nzito kuna mahali, kidogo juu ya pale mapaja yanapokuwa sawa na sakafu, ambapo chuma husita. Katika picha yako kisite hapo, uhisi kusita kwenyewe, kisha uendelee kusukuma mpaka kipite. Mtu aliyejiona akinyanyua kwa ulaini tu hushtuka anapokutana na kusita kwa kweli, na mshtuko huo ndio unaomwangusha.

Hatua ya tano: siku yenyewe, ondoa mambo madogo

Pakia begi usiku: viatu, mkanda, soksi ndefu, chaki yako, kitambulisho, maji, chakula. Usiku wa kuamkia mashindano usingizi unaweza kuwa mbaya, na hilo lisikutie hofu. Usiku mmoja hauondoi nguvu zilizojengwa kwa miezi, ilimradi umelala vizuri siku zilizotangulia. Kula vyakula unavyovijua. Katika mashindano ya Olimpiki upimaji wa uzito wa mwili huanza saa mbili kabla ya shindano na kuchukua saa moja, hivyo kuna muda wa kula ndizi mbivu, mkate au wali kidogo baada ya kushuka kwenye mizani.

Kuhusu kahawa, nitakuwa mkali kidogo. Kafeini hufika kileleni ndani ya damu baada ya kama nusu saa hadi saa moja, na inasaidia, lakini mtu ambaye tayari anatetemeka kwa wahka akiongeza vikombe vitatu au unga wa kopo asioujua hujiongezea mtetemeko tu. Tumia kiasi kilekile unachotumia mazoezini. Vivyo hivyo kwa chupa za amonia zinazonuswa kabla ya kuvuta: ikiwa hujawahi kuzitumia, siku ya mashindano siyo siku ya kujifunza.

Hatua ya sita: chumba cha kupasha mwili

Hapa ndipo mashindano mengi hupotea kimyakimya. Mtu anamwona mpinzani akipasha mwili kwa uzito ambao yeye ataanza nao jukwaani, naye anaongeza pleti ambazo hakuzipanga. Mgongo wako uwe upande wa wengine, macho yako yawe kwenye daftari.

Tuseme jaribio lako la kwanza la snachi ni kilo 100. Unaweza kupanda 20, 50, 70, 80, 88, 94, kisha jukwaani. Ugumu ni kuzipanga hatua hizo ili ile ya 94 isikamilike mapema mno ukapoa, wala kuchelewa ukaitwa ukiwa unahema. Desturi ya makocha wengi ni kuhesabu majaribio yaliyobaki jukwaani kabla ya zamu yako na kukupa uzito mmoja kila yanapopita kama matatu. Hesabu hiyo hubadilika wapinzani wanapopandisha au kushusha uzito waliouomba, na kwa sababu hiyo mnyanyuaji asiifanye yeye. Aifanye kocha au rafiki mwenye kichwa tulivu. Kazi yako ni kukaa kwenye kiti, kujifunika taulo au koti ili usipoe, na kusimama unapoambiwa.

Kubaliana mapema pia ni nani atakayezungumza nawe. Sauti moja inatosha. Watu watano wenye mapenzi mema, kila mmoja na ushauri wake kuhusu nyonga na viwiko, wanaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima ndani ya dakika mbili.

Hatua ya saba: pumzi

Ukiwa umekaa, zikiwa zimebaki dakika chache, vuta pumzi kupitia puani kwa hesabu ya nne, tumbo likitangulia kupanda kabla ya kifua, kisha itoe kwa hesabu ya sita au zaidi. Rudia mara tano au sita. Utoaji mrefu ndio wenye kazi, kwani ndio unaouambia moyo upunguze kasi. Legeza taya na mabega kila unapotoa. Wengi hubana meno bila kujua, na ukibana meno shingo nayo hukaza. Usivute pumzi za harakaharaka kama mtu anayepuliza moto wa mkaa, kwa sababu hewa ya kaboni dioksidi hupungua kwenye damu, kichwa huwa chepesi, na kizunguzungu chini ya chuma ni hatari ya kweli.

Pumzi ya kunyanyulia ni nyingine kabisa. Hiyo ni moja, kubwa, inayoshushwa tumboni na kufungwa huku ukilikaza tumbo dhidi ya mkanda, ili kiwiliwili kiwe imara. Inapandisha shinikizo la damu kwa ghafla, kwa hiyo mwenye tatizo la shinikizo la damu au moyo azungumze na daktari kabla ya kushughulika na uzito wa juu kabisa.

Hatua ya nane: neno moja

Akili yenye wahka hupenda kutoa maagizo mengi. Ipe agizo moja. Lichague mazoezini, liwe fupi, lielekeze nje ya mwili wako, na liwe la kutenda badala ya kukataza. "Sukuma sakafu" ni bora kuliko "nyoosha magoti", na ni bora mara nyingi kuliko "usianguke mbele", kwa sababu anayejiambia asianguke tayari ameiona picha ya kuanguka. Kwa snachi wengine hutumia "subiri", kwa maana kosa lao ni kuharakisha. Mimi kwa dedilifti hutumia "miguu". Ukiona maneno mengine yanaingia, usibishane nayo. Lirudie lako wakati wa kutoa pumzi.

Hatua ya tisa: jukwaani

Jina lako likiitwa na chuma kikiwa tayari, saa ya mashindano ya Olimpiki hukupa dakika moja, au dakika mbili ikiwa unajifuata mwenyewe (jaribio lako linafuata jingine lako bila mtu mwingine kati), na ishara ya onyo husikika zinapobaki sekunde 30. Sekunde 60 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Ikiwa utaratibu wako ni wa sekunde 25, una muda wa kupaka chaki, kutoa pumzi moja ndefu na kutembea bila kukimbia. Usiangalie ubao wa matokeo. Usihesabu pleti. Chagua kitu kimoja kilichotulia mbele yako, pengine kona ya meza ya waamuzi au mstari ukutani, na macho yakae hapo.

Kumbuka pia kwamba unyanyuaji hauishi chuma kinapofika juu. Katika shindano langu la kwanza la skwoti nilisimama na uzito vizuri kabisa, nikafurahi, nikakirudisha chuma kwenye nguzo kabla ya mwamuzi kutoa amri. Taa za waamuzi zikawa nyekundu, yaani wamelikataa jaribio. Misuli yangu haikuwa na kosa. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa miezi bila mtu wa kunipa amri, kwa hiyo subira ile haikuwamo katika utaratibu wangu. Tangu siku hiyo kila ninayemsimamia husikia amri zote mazoezini, kuanzia chuma kitupu.

Hatua ya kumi: ukikosa

Ukikosa, jukumu la kwanza ni kushuka jukwaani ukiwa mzima. Baada ya hapo, uliza swali moja tu kwa kocha: ni nini kilichotokea? Jibu liwe sentensi moja, lifuatwe na agizo moja, kisha mazungumzo yafungwe na urudi kwenye kiti na pumzi zako. Ikiwa unajifuata mwenyewe na una dakika mbili, tumia ya kwanza yote kupumua na kunywa funda la maji.

Matthias Steiner, mzaliwa wa Austria aliyeshindania Ujerumani, alikosa jaribio lake la kwanza la klini na jeki Beijing mwaka 2008, kilo 246. La pili alipandisha 248. Ili apate dhahabu alihitaji 258, yaani kilo kumi zaidi ya alizotoka kuzinyanyua, naye alikuwa amempoteza mkewe katika ajali ya gari mwaka mmoja kabla. Alizipandisha, akashinda kwa tofauti ya kilo moja, na kwenye jukwaa la medali alishika picha ya mkewe. Nimemtazama mara nyingi akielekea kwenye chuma kile, na kinachonishangaza kila mara ni mikono yake: inashika mahali pale pale ilipokuwa imeshika katika majaribio yaliyotangulia.

Hatua ya mwisho: jizoeze kutazamwa

Kila baada ya wiki nne hadi sita, panga siku ya majaribio ya kuigiza. Waite wenzako, weka viti, mpe mmoja kazi ya kuita majina na mwingine saa ya kupimia dakika moja, na watatu wawe waamuzi wa kuinua mkono kwa unyanyuaji uliokubaliwa. Vaa nguo utakazovaa siku ya shindano. Nyanyua majaribio matatu kwa asilimia 85 hadi 92, siyo zaidi, kwa sababu unachofundisha hapo ni akili. Usiku huohuo andika kwenye daftari vitu vitatu: mapigo ya moyo yalikuwaje, neno lako lilikaa au lilipotea, na utaratibu ulichukua sekunde ngapi. Baada ya siku tatu au nne za namna hiyo, safu ile ya sekunde itaanza kuonyesha tarakimu zinazokaribiana, na utakapokuta zimebaki hivyo hata siku ambayo safu ya mapigo ya moyo imeandikwa "mbio sana", uko tayari kuomba uzito wako mpya.